Mdomo na Sikio Bila Akili: Modemu ya Ndani ya Laptopu na Linux

Mwaka 2006 nilikuwa na benchi la ukarabati Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, kipande cha chumba nilichopangishwa na fundi saa. Siku moja aliingia mzee mmoja mstaafu wa reli. Laptopu yake ilikuwa ndani ya kikapu cha ukili, kaifunika kanga kama mtu aliyebeba maandazi.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, fundi. Nimeambiwa wewe ndiye mtu wa Linux.”

Ilikuwa ThinkPad T42 ya IBM, ameletewa na mwanawe anayefanya kazi Maskati. Windows iliyokuwamo ilishaoza kwa virusi. Nikamwekea Ubuntu 6.06, aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaoshika nafasi ya Windows, kutoka kwenye zile CD zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta. Skrini, sauti, kipanya, vyote vikaamka bila kuombwa. Nikadhani nimemaliza, mzee akaigeuza laptopu, akaweka kidole kwenye kitundu cha ubavuni, kile kinachoingia plagi ya simu.

“Na hiki je? Chumbageni kwangu nina simu ya mezani. Nataka barua za mwanangu nizisomee nyumbani, si kwenye kafe nikipumuliwa shingoni.”

Nikamwambia apite kesho. Zilipita siku tisa.

Nayaandika niliyojifunza siku hizo tisa kwa sababu laptopu za namna ile bado zipo kwenye makabati ya watu, na kila mara atatokea mtu wa kuuliza kitundu kile ni cha nini. Jibu lake lina tabaka tatu, na wengi wanaoshindwa hukwama kwa kushughulikia tabaka lisilo na kosa.

Kazi tatu ndani ya neno moja

Neno modemu linaficha kazi tatu. Ya kwanza ni ya umeme: kuishika laini ya simu, kuiachia, kusikiliza kama ina mlio, na kuuzuia umeme wa laini, ambao simu ikilia hupita volti 70, usiingie kwenye kompyuta. Ya pili ni hesabu: kugeuza biti kuwa sauti na sauti kuwa biti, kuondoa mwangwi, kusahihisha makosa. Ya tatu ni ukarani: kupokea amri za kompyuta na kuzijibu. Lugha ya ukarani huo ililetwa na kampuni ya Hayes ya Marekani mwaka 1981, na karibu kila amri yake huanza kwa herufi AT. ATZ ni “rudi mwanzo”. ATDT ikifuatwa na namba ni “piga kwa milio”. ATH ni “kata simu”.

Modemu ya zamani, ile ya kisanduku inayokaa mezani na vitaa vyake vyekundu, ilizifanya zote tatu yenyewe. Ndani yake mlikuwa na prosesa na programu iliyochomwa kwenye chipu. Ukiichomeka kwenye poti ya siriali, Linux haina haja ya kujua imetengenezwa na nani: inatuma ATZ kwenye /dev/ttyS0, jina la Linux la poti hiyo, inajibiwa OK, kazi inaanza. Ndiyo maana fundi wa Linux wa siku nyingi akikukuta unahangaika na modemu ya ndani atakwambia uiache, utafute ya nje. Hakosei sana.

Katikati ya miaka ya 1990 watengenezaji waliona kwamba prosesa za kompyuta zimepata nguvu ya ziada. Ya nini kulipia prosesa nyingine ndani ya modemu? Wakaanza kupunguza. Kwanza wakamwondoa karani, wakabakiza chipu ya hesabu. Kisha nayo wakaiondoa. Kilichobaki ni kadi ndogo yenye sehemu inayoshika laini na sehemu inayogeuza sauti kuwa namba. Mengine yote yakahamia kwenye draiva ya Windows, yaani programu inayoendesha kifaa. US Robotics walizipa modemu zao za aina hiyo jina la biashara Winmodem, na jina likazienea modemu zote za ukoo huo, kama kila dawa ya meno kwetu ilivyo Colgate.

Mwenye Windows hakuona tofauti. Mwenye Linux alikuwa amenunua mdomo na sikio, akili imebaki kiwandani.

Na akili yenyewe si ya kuokota. Wa umri wangu wanaikumbuka sauti ya modemu mbili zikikutana: mlio mwembamba, mkwaruzo, milio miwili kama kengele, halafu mvumo wa mvua kwenye bati. Watu waliiona kelele. Yale ni majibizano, na mtu aliyekulia Tanga enzi za Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyoshindana, hahitaji kufundishwa majibizano ni nini. Mmoja anatupa, mwenzake anasikiliza, anapima, anarudisha. Modemu ya kwanza inauliza kama mwenzake anajua namna hii ya kuzungumza. Ya pili inajibu naijua, au sijui, tushuke ngazi moja. Kisha zinapigiana milio maalumu ili kila upande ujue masafa gani ya sauti yanapita salama na yapi yanafifia njiani, na mwangwi wake mwenyewe unarudi baada ya muda gani ili uweze kuutoa. Hapo ndipo zinakubaliana mwendo.

Njia yenyewe ni nyembamba. Laini ya simu iliundwa kubeba maongezi, sauti za kuanzia kama hezi 300 hadi 3400. Kupenyeza biti 33,600 kila sekunde katika upenyo huo, kwenda na kurudi kwa pamoja juu ya jozi moja ya nyaya, ni hesabu nzito, na kampuni zilizilinda kwa hataza na kwa siri za biashara. Watu wa Linux walipoomba msimbo, wengi hawakupewa.

Akili iko kwa nani?

Siku tatu za mwanzo nilizipoteza nikitafuta “draiva ya modemu ya IBM”. Haipo. IBM kwenye T42 hakuwa mtengenezaji wa modemu, alikuwa mnunuzi kama sisi. Nikajaribu lspci, amri inayoorodhesha vilivyomo ndani ya mashine, nikapata mstari huu:

00:1f.6 Modem: Intel Corporation 82801DB/DBL/DBM (ICH4/ICH4-L/ICH4-M) AC'97 Modem Controller

Nikashangilia: kumbe ni Intel! Hasha. Intel pale ni mlango tu. Mpangilio wa AC'97 ni njia ya kupitishia sauti ndani ya kompyuta, ileile inayotumiwa na spika. Ng'ambo ya njia hiyo inakaa kadi ya modemu yenye kodeki, chipu inayogeuza sauti kuwa namba, na kiwanda kiliweza kununua kadi hiyo kwa yeyote. Kwa hiyo ukisoma mstari wa lspci ukaishia hapo, umesoma namba ya nyumba, hujamjua anayeishi ndani.

Mwenye nyumba anajitaja mahali pengine. Linux ina mfumo wake wa sauti, ALSA, na ALSA huihesabu modemu ya AC'97 kuwa kadi ya sauti kama nyingine, kwa draiva iitwayo snd-intel8x0m. Herufi m ya mwisho ndiyo modemu. Bila hiyo ni draiva ya spika, na nimewahi kupoteza mchana mzima kwa kutoiona. Draiva ikiwa imepanda, utaikuta modemu kwenye /proc/asound/cards, aghalabu kadi ya 1, ya spika ikiwa 0. Kisha fungua faili hili:

cat /proc/asound/card1/codec97#0/mc97#1-1

Mstari wa kwanza ndio unaotafutwa. Kodeki za Silicon Laboratories zina kitambulisho kinachoanza na SIL, za Conexant CXT. Ya mzee ilikuwa Silicon Laboratories, na siku hiyo niliwanunulia kahawa majirani wote wa benchi.

Kwa nini nifurahi? Kwa sababu kila ukoo una njia yake. Smart Link walikuwa wametoa programu ya Linux iitwayo slmodemd, inayobeba kazi ya pili na ya tatu, hesabu na ukarani, na inaelewana vizuri na kodeki za SIL. Conexant wa aina ya HSF walikuwa na draiva iliyouzwa na kampuni ya Linuxant. Ya bure ilifungwa isizidi biti 14,400 kwa sekunde, na mwenye kutaka mwendo kamili alilipia. Wengi waliwatukana Linuxant kwa hilo. Mimi sikuwatukana. Angalau walikuwa na mlango wa kubisha, na biti 14,400 zinasoma barua pepe bila shida. Lucent, waliokuja kuitwa Agere, chipu zao za Mars zilibakiza prosesa ya hesabu ndani, zikakosa karani tu, kwa hiyo draiva zake, kwanza ltmodem na baadaye martian, zilikuwa na mzigo mdogo. PCTel na Motorola zilikuwa na draiva zilizoandikwa kwa keneli, yaani kiini cha Linux, za zamani, na mteja aliyeniletea moja nilimwonyesha duka la modemu za nje.

Asiyetaka kufuata njia hii kwa mkono anaweza kutumia skripti ya scanModem. Inapekua mashine na kuandika ripoti kwenye faili la ModemData.txt, ikitaja ukoo na kushauri draiva. Ripoti ni ndefu na imeandikwa kwa namna ya mtu anayeogopa kusahau kitu, lakini haibahatishi.

Kuna jambo moja kuhusu draiva hizi ambalo linaeleza nusu ya malalamiko. Karibu zote zina kipande kilichofungwa, kilichokwisha kukusanywa, usichoweza kukifungua wala kukirekebisha. Kikipachikwa ndani ya keneli, kinakuwa kimefungwa kwa toleo lile la keneli. Ukisasisha mfumo kesho, modemu inakufa, na hujagusa chochote. Slmodemd ikitumiwa pamoja na ALSA inaepuka balaa hilo: sehemu ya keneli iko wazi, inaletwa na keneli yenyewe, na kipande kilichofungwa kinakimbia nje kama programu ya kawaida. Kasoro yake ni kwamba kipande hicho kilikusanywa kwa mashine za biti 32. Kwenye mfumo wa biti 64 lazima uongeze maktaba za biti 32, la sivyo hakisimami. T42 ni ya biti 32, hilo halikutugusa.

Likabaki tatizo la kijinga kuliko yote. Kupata draiva kunahitaji intaneti, na intaneti inahitaji draiva. Dawa yake mjini Tanga ilikuwa flashi na baiskeli. Nilikwenda kafe mara nne: ya kwanza kuchukua kifurushi cha sl-modem-daemon, chenye slmodemd, ya pili kuchukua kifurushi ambacho cha kwanza kilikuwa kinakidai, ya tatu kwa sababu nilikuwa nimechukua cha toleo lisilo langu, ya nne kwa wvdial, programu ya kupiga simu. Kila safari flashi ilirudi na virusi vya Windows. Linux iliviona kama takataka za kawaida. Nilivifagia kwa amri moja.

Kuitia uhai

Vifurushi vikakaa. Nikafungua dirisha la amri:

sudo slmodemd --country=USA --alsa modem:1

Namba 1 ni ile kadi ya ALSA. Nchi inahusu tabia za laini: mlio wa kungoja ulivyo, umeme unavyopimwa, simu inavyokatwa. Amri ya slmodemd --countrylist inaonyesha nchi inazozijua. Programu ikajibu kwa mistari michache na kunitajia /dev/ttySL0, nitumie hiyo kama modemu.

Hicho ndicho kipande ninachokipenda zaidi. Ukifungua laptopu nzima kwa bisibisi hutaikuta /dev/ttySL0. Ni kiungo kinachoelekea kwenye tamino ya kuigiza, yaani poti isiyo ya chuma, ambayo slmodemd imeiunda na imekaa nyuma yake, ikijifanya kisanduku chenye vitaa vyekundu. Ukituma ATZ pale, programu inajibu OK kama karani wa zamani. Programu nyingine zote zinadhani zinaongea na chuma.

Kwa sababu ni igizo, lina mipaka miwili ya kujua. Slmodemd ikifa, modemu imetoweka, kwa hiyo usilifunge dirisha lake. Na poti ya siriali ya kweli ina waya maalumu wa kusema “bado nimeunganishwa”. Tamino ya kuigiza haina. Programu ya kupiga simu ikiutafuta waya huo itakata tamaa bure. Ndiyo sababu ya mstari wa Carrier Check katika faili la /etc/wvdial.conf:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttySL0
Init1 = ATZ
Init2 = ATX3
Phone = (namba ya mtoa huduma)
Username = (jina)
Password = (nywila)
Carrier Check = no
Stupid Mode = yes

ATX3 inaiambia modemu ipige bila kusubiri mlio inaoutambua. Ikiwa mlio wa laini yako haufanani na ule ambao programu imefundishwa, itasema NO DIALTONE hata kama wewe unausikia vizuri sikioni. Stupid Mode, jina lake la matusi, inaianzisha PPP mara tu simu inaposhikana, bila kungoja maswali ya kuingilia. PPP ndiyo itifaki inayoigeuza simu iliyoshikana kuwa kipande cha intaneti; modemu ikishasema CONNECT imemaliza yake, na kinachofuata ni cha PPP.

Mpaka huo wa CONNECT ukiukariri umeokoa siku nzima. ATZ isipojibiwa OK, kosa ni la draiva; usiguse nywila wala nyaya. OK ikija halafu NO DIALTONE, angalia waya, kitundu, ATX3. CONNECT ikitokea kisha muunganisho ukafa baada ya sekunde chache, modemu haina hatia, angalia jina na nywila. Na ukiwa umeunganishwa, anwani za namba zinajibu lakini majina hayafunguki, tazama /etc/resolv.conf: mfumo haujui wa kumuuliza majina. Nimeona mtu akisakinisha draiva upya mara tatu kwa sababu ya herufi kubwa kwenye nywila.

Slmodemd pia haipendi kusubirishwa. Hesabu zile hazina kesho. Prosesa ikikwama sehemu ndogo ya sekunde, sauti inakatika, na modemu ya upande wa pili inadhani umekata simu. Kwa laptopu dhaifu usifungue mambo mengi ukiwa hewani.

Na maonyo mawili ya mtu aliyekwisha kuungua. Laini za ndani za maofisi yenye mtambo wa kidijitali hazifanani na laini ya nyumbani ingawa kitundu ni kilekile, na zinaweza kuiua modemu. Na masika, ngurumo zikianza, chomoa waya wa simu kabla ya waya wa umeme. Radi ya mbali inasafiri kwenye nguzo za simu bila kuonekana. Modemu nyingi zilizofika benchini kwangu zikiwa maiti zilifia usiku wa mvua.

Chumbageni

Siku ya tisa nilikwenda kwa mzee mwenyewe, maana Ngamiani sikuwa na laini. Tukakaa barazani, waya wa simu umepitishwa dirishani. Nikaandika wvdial. Spika ndogo ikaanza majibizano yake, mzee akashika kofia kana kwamba upepo umevuma. Kisha: CONNECT 31200.

“Mbona waliandika 56?” aliuliza. Alikuwa ameisoma kwenye karatasi ya laptopu, na swali lake lilikuwa zuri. Kiwango cha V.90, cha mwaka 1998, kinatumia ukweli kwamba ubadilishaji wa sauti kuwa namba hufanyika kwenye mtambo wa simu: sampuli 8000 kila sekunde, biti 8 kila sampuli, jumla 64,000. Mtoa huduma akiwa ameunganishwa kidijitali upande wake, na laini yako ikiwa safi, unaweza kuikaribia 56,000 kwa kushusha tu. Kupandisha bado ni 33,600. Kukiwa na ubadilishaji wa pili njiani, au shaba iliyoliwa na hewa ya chumvi kama iliyofika pale barazani, modemu zinarudi kwenye V.34, kiwango kilichotangulia, na 31,200 ni moja ya mwendo wake. Kwa mwendo huo barua ya kilobaiti 20 inachukua sekunde tano hivi. Picha ya megabaiti moja, dakika nne na nusu.

Mzee akafungua barua ya kwanza. Ilikuwa na picha ya mjukuu. Ikaanza kushuka mstari kwa mstari, kama pazia: kwanza ukuta, kisha nywele, kisha paji la uso, macho. Ilipofika puani ikasimama. Kwenye dirisha la amri: NO CARRIER.

Nilianza kufikiria prosesa, mwangwi, nchi niliyoichagua. Ndani ya nyumba ikasikika sauti ya bibi, analalamika: simu ina nini leo, anainua anasikia mvua.

Kumbe kulikuwa na simu ya pili chumbani, tawi la laini ileile. Nilichana karatasi kwenye daftari, nikaandika kwa herufi kubwa, nikaibandika juu ya mkono wa simu ile: USIINUE. MZEE YUKO MASKATI.